Taa za Jirani na Mwezi wa Baba

Simpendi jirani yetu, na sitajisumbua kuficha. Nyumba yake iko magharibi ya yetu, hapa Amu, kisiwani Lamu, ukuta kwa ukuta. Aliinunua kwa warithi, akaongeza ghorofa, akageuza dari la juu kuwa mkahawa wa wageni, kisha akafunga taa sita kubwa, zile za kumulika uwanja wa mpira. Mimi hupiga picha za harusi za wanawake, na usiku nilikuwa napiga nyota kutoka darini kwetu. Picha yangu ya kundi la nyota za kilimia juu ya mapaa ya makuti aliitia kwenye tangazo lake bila hata kuniuliza. Tangu taa zake ziwake, anga kwenye picha zangu hutoka rangi ya chai ya maziwa, na kilimia chenyewe hakionekani.

Lakini nyota ni ugomvi wangu mimi. Mwezi ulikuwa wa baba.

Mtaa wetu uliufuata mwezi kwa kauli yake. Kila tarehe ishirini na tisa alipanda darini kabla ya magharibi, na akisema ameuona, imamu hakuuliza mara ya pili. Hakuwa na cheo. Alikuwa na macho makali na hakuwahi kusema uongo, basi. Macho yalipoingia mtoto wa jicho, akaniambia niwe napanda naye na kamera yangu yenye lenzi ndefu.

Mwezi mwandamo hukaa chini, upande jua lilikozama, kwa dakika chache tu. Kwetu hapo ni juu kidogo ya mkahawa wa yule bwana. Kwa hiyo mwaka jana, tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani, nilikwenda kumwomba azime taa nusu saa.

"Sasa Bi, wageni wangu wale gizani?" akacheka. "Siku hizi mwezi unaonekana kwenye simu."

Kama nisingekuwa nimefunga, angenisikia.

Jua likazama, tukafungua kwa tende tukiwa tumesimama. Taa zikawaka zote sita, zikatupiga usoni. Baba akajikinga kwa kiganja, machozi yakimtoka. Nikapiga picha moja baada ya nyingine huku nikimlaani mtu yule kimoyomoyo. Mara, kwenye kioo cha kamera, nikaona uzi mweupe uliopinda, pembe zake zikitazama juu.

"Waona?" baba akauliza.

"Naona, Baba. Huu hapa."

Akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Akasema, "Alhamdulillahi." Nilitaka uwe mwezi. Nilitaka baba ashuke ngazi na habari, taa zile ziwe zimeshindwa. Hilo ni kosa langu, na jirani simbebeshi.

Imamu akapokea kauli yake. Takbiri zikaanza, wanawake wakateleka tambi. Baada ya isha nikazifungua picha kwenye kompyuta. Uzi ule ulikuwa unahama kila nilipohamisha kamera: hapa uko juu ya mnazi, pale uko mbele ya mnazi, umelala kwenye makuti yake. Mwezi gani hukaa mbele ya mnazi? Ilikuwa taa ya jirani, mwanga wake umejipinda ndani ya lenzi yangu.

Nilipomwambia baba hakunigombeza. Alivaa tena kanzu yake, akashuka. Nikamsikia kwenye kipaza sauti cha msikiti: "Ndugu zangu, niliwaambia nimeuona mwezi. Sikuuona. Kesho tufungeni." Hakunitaja mimi wala taa. Waliokwisha kulala hawakumsikia; asubuhi waliamka wakanywa chai, ikabidi waje walipe siku ile, na wengine walikuja barazani kwetu kumwambia hivyo usoni. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza mwezi.

Ilipokaribia Ramadhani ya mwaka huu, jirani akaupa msikiti dari lake la kutazamia mwezi, kwa kuwa ndilo refu kuliko yote mtaani. Jioni ya tarehe ishirini na tisa Shaabani, imamu na wazee wakapanda. Taa zote sita zilizimwa kabla hawajaketi. Giza nililoliomba, nikachekwa, wao walipewa bila kuomba.

Mimi na baba tulipanda kwetu. Anga lilikuwa safi, nachukia kulisema, na mwezi ulikuwa pale, mwembamba, wazi kabisa.

"Uko wapi?" akauliza.

Nikamshika kidole nikakielekeza. Alitazama sana. "Siuoni," akasema.

Ng'ambo ya ukuta wakapiga takbiri. Kisha imamu akamwombea dua ndefu mwenye nyumba, na baba, kidole chake bado kimo mkononi mwangu, akaitikia amina.

Mimi sikuitikia.