Faili la Hatua ya Saba

Mwenzangu wa meza ya pili tulimwita Rejea, kwa sababu hakujua kuanza barua, wala mazungumzo, kwa neno jingine. Ukimwomba gundi atakwambia, "Rejea ombi lako la jana." Alikuwa karani wa masjala ya ardhi kwa miaka thelathini na moja, na mimi nimekaa mkabala naye kumi na minane kati ya hiyo, kwa hiyo ninayoyasema juu yake sikuyaokota barabarani.

Ofisi ilipoletewa kompyuta tulipelekwa sote kwenye mafunzo ya siku tano. Sisi wengine tulirudi na vyeti na kalamu ya bure. Rejea alirudi na maswali. Binti yake, mwalimu wa kompyuta, akampa mashine yake ya zamani iliyong'oka herufi mbili, naye akaanza kujifunza kuandika programu, Jumamosi hadi Jumamosi, kwa mwendo wa kinyonga. Baada ya miaka miwili na ushee akatuonyesha mchezo wa simu alioutengeneza peke yake. Aliuita Njoo Kesho.

Ndani ya mchezo huo wewe ndiye karani. Mtu anakuja dirishani na namba ya faili, nawe unalitafuta kabatini, kwenye maboksi, chini ya kikombe cha mwenzako, kabla mgeni hajapandisha mori. Ukikwama unabonyeza kitufe cha "njoo kesho". Ukikibonyeza mara tatu, umeshindwa. Tulicheka mpaka Mkuu akatoka ofisini kwake kuuliza nani amepandishwa cheo.

Wakati huo Rejea alibakiza miezi mitano kustaafu. Kwetu, anayestaafu bila barua ya onyo hata moja hupewa cheti cha utumishi usio na doa, na tangu nianze kazi nimeona kikitolewa mara mbili tu. Alikitaka cheti kile kuliko mafao yenyewe. Msumari wake ulikwisha kupigiliwa sebuleni, na mkewe akautundikia kalenda kwa muda.

Mchezo ukatoka Jumatatu. Siku tatu za mwanzo hakuandika mtu, na Rejea akawa anafungua simu kila baada ya faili moja. "Baba, kimya kingi kina mshindo mkuu," binti yake akamfariji. Kweli, kufikia mwisho wa wiki ya pili watu mia nne walikuwa wameupakua, wengi wa mji huu huu, na maoni yakamiminika.

Mtu mwingine angeshukuru na kupita. Rejea aliyajibu yote, moja baada ya jingine, kwa mtindo alioujua. Aliyeandika "mchezo mzuri ila muziki unaboa" alijibiwa: "Rejea maoni yako ya tarehe tisa. Suala la muziki limepokelewa na linafanyiwa kazi. Utaarifiwa." Na alilifanyia kazi kweli, jambo ambalo ofisini kwetu lingezua maswali. Watu walidhani ni utani, wakampenda. Wengine walianza kulalamika makusudi ili nao wapate barua.

Ila hatua ya saba ya mchezo iliwashinda wote. Kulikuwa na faili la kijani ambalo hakuna aliyeliona. Nyota zikaanza kushuka. "Umesahau kuliweka," mmoja akaandika. "Fundi wa uongo," akaandika mwingine. Rejea aliumia, lakini hakurudi nyuma: akajibu kwamba faili lipo, na kwamba mahali lilipo panajulikana na kila mtu.

Binti yake akaja ofisini saa ya chakula.

"Baba, hilo faili liko wapi?"

"Kwenye kiti cha bosi. Amelikalia."

"Sasa watu watajuaje?"

Rejea alimtazama kwa mshangao wa dhati. "Kwani mafaili yasiyoonekana hukaa wapi?"

Hapa inabidi nieleze. Springi ya kiti cha Mkuu ilikufa miaka tisa iliyopita, na Mkuu ni mfupi. Kiti kikazama, meza ikamfika kidevuni, wageni wakawa wanazungumza na kichwa. Tuliomba kiti kipya. Barua ilikwenda na haikurudi. Ndipo chini ya mto wa kile kiti yakapangwa mafaili sita, Mkuu akapanda, kazi ikaendelea. Tulizoea kiasi cha kusahau kwamba kwingine watu hukalia viti.

"Hao hawajakaa na nyinyi," binti akasema. "Waonee huruma. Weka dokezo."

Akaweka. Bosi wa mchezoni akawa anajisogezasogeza kila dakika, kama mtu asiyekaa sawa. Wiki hiyo hiyo hatua ya saba ikapitwa. Vicheko vikajaa kwenye maoni, nyota zikapanda, na Rejea akatembea koridoni kama bwana harusi.

Kisha, Jumatano asubuhi, akanigeuzia simu nisome. Aliyeandika alijitambulisha kuwa mshonaji wa nguo.

"Niliupakua kwa ajili ya jina. Maneno hayo nimeambiwa miaka tisa. Faili la nyumba ya mama halionekani, na bila hilo hatuna cha kumwonyesha aliyeingia humo na kudai ni yake. Tumepanga chumba kimoja, mimi, mama na cherehani. Ana miaka themanini na minne, anataka kulala kwake. Nilipomwinua yule bosi nilicheka sana. Halafu nikaacha kucheka. Naomba kuuliza: haya mambo yapo kweli?"

Chini aliandika namba ya faili. Ilikuwa ya masjala yetu.

Najua sote wawili tulikuwa tunakumbuka jambo moja. Yale mafaili sita aliyachagua yeye. Hakuyasoma. Aliyapima unene kwa vidole, akasema, "Haya yameshafungwa," nami nikaitikia bila kuinua macho.

Angeweza kungoja Mkuu atoke kwenda kula. Aliinuka papo hapo, nami nikamfuata.

"Mkuu, naomba usimame."

"Kuna nini? Nyoka?"

"Simama kidogo tu, Mkuu."

Faili lilikuwa la tatu kutoka juu, limelala bapa kama chapati, namba bado inasomeka. Rejea aliyabeba yote sita kifuani. Mkuu alipoketi tena alizama, na kutoka huko chini akasema kwa upole, kwani si mtu mbaya:

"Mwambie lilianguka nyuma ya kabati. Sote tumewahi kusema hivyo. Usijiharibie, mzee mwenzangu, imebaki miezi minne."

Niliona ni ushauri mzuri. Nilimsihi Rejea aufuate, tena mara mbili, na mpaka leo naona haya. Yeye aliandika tu kwa yule mwanamke kwamba faili limeonekana, aje dirisha la tatu na kitambulisho cha mama yake.

Alikuja kesho yake, kipande cha uzi mwekundu kimemganda begani. Rejea akamsogezea faili pamoja na daftari la kutia sahihi. Mwanamke hakuligusa daftari. Alifungua faili ukurasa mmoja mmoja, akaifikia hati, akaishika kwa vidole viwili.

"Kaka, lilikuwa wapi?"

Nilikohoa. Mlango wa Mkuu ulikuwa wazi nusu.

"Kwenye kiti," Rejea akasema. "Kama ulivyoona mchezoni."

"Mchezo ni wako?"

"Ni wangu."

Mwanamke akairudisha hati ndani ya faili. Nyuma yake foleni ilikuwa ya watu sita, na wote walikuwa wameacha kuongea.

"Na aliyeliweka kitini ni nani?"

Kabati lilikuwa pale pale, hatua nne kutoka alipokaa, na nyuma yake kuna nafasi ya kutosha mafaili mia.

"Mimi," Rejea akasema. "Sikulisoma. Niliona nene tu."

Mwanamke alimtazama bila kupepesa. Nilingoja kelele, nilingoja atake kuonana na wakubwa, nikaukumbuka ule msumari wa sebuleni.

"Mama yangu bado yu hai," akasema. "Una bahati."

Kisha akatia sahihi, akauliza dirisha linalofuata ni lipi.