Ngazi Mbili za Bibi Giok

"Bibi, mbona baraza lako liko juu kuliko letu?"

Nilikuwa na miaka saba, nimekaa kwenye ngazi zake nikitafuna pera. Bibi Giok hakuinua macho kwenye cherehani.

"Kula pera lako," akasema.

Nyumba yetu, ambayo zamani ilikuwa duka la mchele la babu, imepakana na yake, mtaa wa nyuma ya soko hapa Tainan, kusini mwa Taiwan. Kwa miaka hamsini Bibi Giok ameshona mabegi ya shule ya turubai, na kwa miaka hamsini aliyetaka begi alipanda ngazi mbili. Wakati ule wapandaji walikuwa wamebaki wachache, na maduka ya jirani yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine.

Kisha akaja Sin-hui, mwanamke kijana aliyeacha kazi ya benki Taipei, akakodi duka la dawa lililofungwa na kuanza kuchapa kadi kwa vibao vya mbao. Akafuatwa na mfinyanzi, halafu mkaanga kahawa. Jumapili watu wakaanza kuja, ila walitembea barabarani katikati ya pikipiki, maana mabaraza yetu yenye paa, yaliyoungana mlango kwa mlango, ndiyo njia ya miguu, na kila mwenye nyumba alikuwa amejenga lake kwa kimo alichotaka mwenyewe. Sin-hui akapendekeza mabaraza yote kumi na manane yasawazishwe, mtu atembee kivulini kutoka hekaluni mpaka sokoni. Manispaa ingelipia kwa sharti moja: kila mwenye nyumba agonge kwenye fomu muhuri wake wa jina, ambao huku ndio sahihi ya mtu.

Kumi na saba wakagonga. Bwana Tou, mwenyekiti wa mtaa, akamfuata Bibi Giok mara nne.

"Mama, wateja wako magoti yamekwisha. Unataka waje na kamba kama wapanda milima?"

"Mbona wewe na tumbo hilo umefika?"

"Nimefika nahema!"

"Basi pumzika, uende. Mwaka wa kile kimbunga maji yalifika magotini huko nje, humu hayakuingia hata tone. Mkinishusha, cherehani na turubai zangu nitakutwisha wewe?"

Sin-hui hakubishana naye. Aliazima mtaimbo, akafunua mtaro ulio mbele ya mabaraza. Ulikuwa umejaa saruji: kila aliyeinua sakafu yake alimwaga mabaki humo humo. Baba alicheka kwa aibu, maana na sisi tulimwaga. Mtaa mzima ukazibua kwa wiki tatu.

Mvua kubwa ya mwezi wa sita ilipopiga, Bibi Giok alisimama barazani na mwavuli tangu asubuhi. Nilidhani analinda mali yake, kumbe macho yake yalikuwa kwenye mlango wetu. Maji yakapita mtaroni, yakaenda zake. Kesho yake akavaa viatu vya kutokea, akabeba muhuri wake mpaka kwa Bwana Tou.

"Mama! Leo jua limetokea wapi?"

"Lete fomu kabla sijaghairi."

Siku hizi mabegi yake yana michoro ya Sin-hui, na ameajiri washonaji wawili. Mimi niko sekondari. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, watu wanapita barazani bila kupanda ngazi, na vikapu vyao vya sokoni, akanijibu lile swali langu la utotoni bila kuulizwa tena.

"Mume wangu aliinua baraza ili maji yaende kwenu," akasema. "Yakaenda. Mchele wote wa babu yako ukaoza."