Tambuu ya Babu

Juzi harusini nilimkaribisha mpiga zumari tambuu. Akakataa kwa adabu: "Ahsante, bibi. Sisi wapiga zumari hatuli tambuu, chokaa huunguza midomo."

Nikamkumbuka babu yangu, aliyepuliza zumari tangu ujanani, harusi baada ya harusi, Gando nzima. Alasiri moja alikuwa amekaa barazani, karafuu zilizoanikwa uani zikinukia. Alikohoa sana, akajifuta mdomo, kitambaa kikawa chekundu.

"Nini hicho, Babu?"

"Tambuu tu, mjukuu wangu."

Nikafurahi kujua anachokipenda. Nikamtengenezea moja, popoo na chokaa tele. Aliipokea, akanitazama, akaitafuna yote huku machozi yakimtoka. Nilicheka, nikidhani chokaa imemzidi.

Jioni alipiga tena. Watu waliisifu pumzi yake. Mimi nikajisifia midomo yake myekundu.