Anachana Mbuzi wa Kiamaiko Akitafuta Mimea ya Kaskazini

Saa moja kasorobo asubuhi, lori lililotoka Marsabit linarudi nyuma taratibu hadi kwenye ukuta wa soko la mbuzi la Kiamaiko. Vumbi lililolifunika si la Nairobi. Ni jekundu na laini kama unga. Mlango wa nyuma unafunguliwa, na mbuzi wanaruka chini mmoja mmoja, wamechoka, wakishangaa lami.

Pembeni amesimama mwanamke aliyevaa koti la kijani na buti za mpira. Mkononi ana kichana cha chuma na bahasha za kaki. Anamsogelea beberu mweupe, anampapasa shingoni hadi atulie, kisha anaanza kumchana ubavuni bila haraka.

Kinachobaki kwenye kichana ni vitu ambavyo wengine wangekung'uta na kusahau: vimiba, vipande vya nyasi, mbegu ndogo zenye ndoano. Anavitia kwenye bahasha.

"Hawa walilishwa wapi kabla ya kupakiwa?" anauliza.

"Upande wa Laisamis," anajibu Gedi, mfanyabiashara mwenye lori. "Lakini huyo mwenye baka jeusi ametoka mbali zaidi."

Mwanamke huyo anaandika. Anaitwa Kavinya Nzivo, ana miaka 43, na kazi yake ni kusoma mimea. Hapa sokoni wamembandika jina la Daktari wa Miba, ingawa yeye husema kila mara kwamba hana udaktari wowote. Ana shahada moja ya botania na miaka kumi na mitatu ya kushona mimea mikavu kwenye karatasi.

Kavinya alikulia Kaloleni, binti wa mchongaji wa vinyago. Jioni baba yake alikuwa akirudi na vipande vya mbao mfukoni, anawafumba watoto macho, nao wananusa na kukisia ni mti gani.

"Ndugu zangu waliuona kuwa mchezo," anasema. "Mimi nilikuwa nalala na kile kipande chini ya mto."

Baada ya chuo aliajiriwa kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja katika hifadhi ya mimea jijini, mahali ambapo mimea hukaushwa na kuwekwa kabatini ili wataalamu wailinganishe. Alipewa makabati ya kaskazini. Kwa hesabu yake, alishona zaidi ya mimea elfu tisa iliyoletwa na watu wengine. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Isiolo.

Miaka mitatu iliyopita mkataba wake haukuongezwa. Tangu hapo anaishi kwa kufundisha wanafunzi biolojia majumbani mwao, kazi inayomletea kama shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi.

Wiki moja baada ya kukabidhi funguo za makabati, alipita Kiamaiko kununua mifupa ya supu. Kwenye ufa wa ukuta, pale malori yanaposhushia, aliona mmea umechipua.

"Nilikuwa nimeushona mara nyingi sana. Nilijua kila mshipa wa jani lake," anakumbuka. "Lakini sikujua kwamba una harufu. Nilikaa chini palepale."

Alielewa ulivyofika: mbegu ilikuwa imening'inia kwenye manyoya, ikasafiri zaidi ya kilomita mia tano, ikadondoka. Ijumaa iliyofuata alirudi na kichana.

Gedi hakufurahi. "Nilimwuliza, mama, unatafuta nini kwa mbuzi wangu? Nilidhani ni mtu wa serikali, au ni mchawi," anasema akicheka. "Akanionyesha mwiba mmoja mkononi. Nikamwambia, huu ni wa kwetu. Ulikuwa unatuchoma tukiwa wadogo."

Mbegu hizo Kavinya alizipanda kwenye mikebe ya rangi na ya mafuta ya kupikia, juu ya paa la jengo analoishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya nane. Maji ya bomba hayafiki huko, hivyo alipandisha mtungi wa lita ishirini kila asubuhi. Kati ya kamba za nguo, ndege zikishuka chini chini kuelekea uwanja wa ndege, nyika ilianza kuota. Aina sitini na moja zilichipua. Sitini alizitambua.

Moja ilimshinda. Mbegu yake ilikuwa ndogo kama ufuta, yenye ndoano tatu, na majani yake yalikuwa ya rangi ya majivu. Mtaalamu wa mimea hawezi kuutaja mmea kwa uhakika bila kuona ua, na huu ulikaa miezi kumi na minne bila hata tumba.

"Nilikuwa nauota," anasema. "Kila ndoto unatoa ua la rangi tofauti. Nikiamka nakimbilia juu kuangalia."

Matumba matatu yalipojitokeza mwezi Novemba, notisi nayo ilikuja. Mwenye nyumba alitaka kuweka matangi makubwa ya maji juu ya paa, na mafundi wangeanza Jumatatu.

Kavinya alihamisha mikebe sitini chumbani mwake, akabaki na njia ya kufika kitandani tu. Ule mmoja haukuhamika. Mizizi ilikuwa imetoboa mkebe ulioliwa na kutu na kuingia kwenye ufa wa zege.

Alimwendea Wandera, msimamizi wa jengo, akamweleza.

"Sikuelewa hayo mambo ya ua," anasema Wandera. "Lakini huyu mama amepanda ngazi na mtungi mwaka mzima na hajawahi kunisumbua. Nikaambia mafundi, anzieni ule upande mwingine. Siku tatu, nne hivi, sitapoteza kazi."

Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, ua la kwanza lilifunguka. Lilikuwa jeupe, dogo kuliko ukucha, na harufu yake ilijaa paani hadi mafundi wakaacha kuchanganya saruji.

Kavinya alitoka mbio hadi barabarani, akapanda bodaboda kwenda kumchukua Mumina, mwanamke wa Kiborana anayeuza chai ya maziwa ya ngamia Kiamaiko. Ndiye aliyekuwa amemsaidia kwa majina ya mimea mingi. Mumina alipanda ghorofa nane akipumzika kila ngazi ya tatu.

"Alipofika alisimama tu," anasema Kavinya. "Nikaogopa kumwuliza."

Mumina anaeleza mwenyewe: "Nyanya yangu alikuwa anafukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa hii. Niliondoka kwetu nikiwa na miaka kumi na moja. Nilifikiri ile harufu ilikuwa ya nyanya, si ya mti."

Alilitaja jina la mmea huo. Kavinya aliliandika, lakini wote wawili wameomba lisichapishwe gazetini mpaka wenyewe wa huko waulizwe.

Kesho yake asubuhi Kavinya alifanya alichojua toka mwanzo kwamba atalazimika kukifanya. Aliukata mmea huo, shina, jani na ua, akaulaza katikati ya magazeti ya zamani na kuweka matofali juu. Bila hivyo hakuna mtaalamu ambaye angeukubali. Ua moja alimpa Mumina.

"Sikuwa na mwingine," anasema. "Wala haukuwa umezaa mbegu."

Dakta Apondi, aliyekuwa mkuu wake hifadhini, alipekua makabati kwa wiki mbili na hakuona unaofanana nao. Sampuli imepelekwa kwa wataalamu wengine, na majibu bado.

"Huenda ni mpya kwa sayansi. Huenda sisi tu hatujatafuta vizuri," anasema Kavinya. "Nyanya yake Mumina asingeshangaa."

Mvua za Aprili zikinyesha, Gedi amewaahidi Kavinya na Mumina nafasi mbili mbele ya lori likirudi kaskazini tupu, wakautafute mmea huo unakoota. Mumina hajafika kwao kwa miaka ishirini na miwili, lakini anasema bado anaweza kuitambua njia kwa mawe ya huko.

Kavinya ameshafungasha magazeti, kamba na penseli. Anapoulizwa atafanya nini akiufikia mmea wenyewe, anautazama ubao wa kukaushia mimea uliosimama ukutani.

"Nitakaa nao kwanza siku nzima," anasema. "Ikiwa mingi, nitachukua mmoja. Ukiwa mmoja, nitauacha."