Tangazo la Msiba Lililorudi

Juzi nilikuwa kwenye intaneti kafe moja ya Mchafukoge. Kwenye kompyuta ya jirani alikaa mama wa makamo, karani wa zamani wa kiwanda kilichouzwa kwa mwekezaji. Alikuwa akiwatangazia wenzake waliopunguzwa kazi kwamba fundi wao mkuu amefariki na atazikwa alasiri. Alitumia anwani za barua pepe walizopewa kiwandani.

Alipomaliza kutuma, ujumbe ukaanza kumiminika. Akatabasamu.

"Umeona wanavyompenda?" akaniambia.

Binti mhudumu akainama kutazama. "Mama, haya si majibu. Ni barua zako zinarudi. Kiwanda kimezifuta hizo anwani."

Tabasamu likatoweka. "Barua ya kutufukuza ilitufikia wote kwa anwani hizi hizi, kabla ya chai," alisema taratibu. "Haikurudi hata moja."

Akajifunga kanga kiunoni, akaenda Buguruni kugonga milango ya wenzake.

Alasiri nilikwenda mazikoni. Jeneza lilibebwa na majirani. Wenzake marehemu wa kazini walifika wawili, kaburi limeshafukiwa.

Tunaambiwa soko huria limetuletea kasi. Ni kweli, kasi ipo. Inategemea tu nani anayetuma.