Neno Langu Lilikuwa kwenye Divers

Kwetu, kila mkutano una ajenda, na mwisho wa ajenda huja divers, yaani mengineyo. Humo ndimo hutupwa kila neno lisilo na mahali pake. Siku ile neno langu lilikuwa humo.

Nilikuwa katika kamati ya wanafunzi wa shule moja ya mjini, Bulengera. Mimi na mdogo wangu tulitembea kila siku kutoka upande wa Vuhovi, nje ya mji. Asubuhi ile tulikutana na watu wakikimbilia mjini na magodoro kichwani, kama ilivyo vijiji vinaposhambuliwa, na hakuna aliyesalimia. Nilitaka kamati imwombe mkuu wa shule, tuliyemwita préfet, wanafunzi wa njia yetu walale mjini. Ombi la mtu mmoja lingeonekana uvivu. Na préfet huondoka saa kumi.

Tulianza saa nane, tukajadili rangi ya jezi. Nikamwinulia mkono mwenyekiti wetu, président.

“Président, niko na neno.”

“Ngojea. Utaisema mu divers.”

“Batu ba Vuhovi,” mmoja akacheka, “haraka sawa mbuzi yenye kuona mvua.”

Jezi ya kijani ikashinda, kisha mtu akaomba tuanze upya. Dirishani nilimwona mdogo wangu amekaa kwenye ngazi, mfuko mapajani, akitazama barabara. Niliogopa njia, niliogopa pia kuchekwa. Jambo hilo la pili ndilo lililonikalisha kimya, na nawaambia ili msidhani ni ninyi peke yenu.

Ndipo pikipiki ya préfet ikawaka uani.

Mkutanoni kuna neno moja, la kutoa hoja ya haraka, linaloruhusiwa kukata maneno ya yeyote. Nikasimama. “Motion.”

“Motion gani?” président akauliza.

Sikujua aina zake. “Motion ya woga,” nikasema. “Ile njia, asubui batu balikuwa banakimbia. Miye siwezi kurudia leo.”

Wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Nyuma yangu mtu akasema polepole, “Miye pia.” Mwingine naye. Président aliweka chaki chini, akatoka mbio, sisi nyuma yake.

Préfet alizima pikipiki langoni, akatusikiliza.

“Na mulikuwa wapi tangu saa nane?”

“Mu réunion, Monsieur le Préfet,” président akajibu, macho chini, kana kwamba mkutano wenyewe ulikuwa kosa.

Wa njia yetu wote waligawiwa nyumba za wenzao mjini. Mimi na mdogo wangu tulikwenda kwa président. Mama yake alituongezea maharagwe bila kuuliza. Njia ilikuwaje jioni ile, sijui. Hatukuipita.

Leo nafundisha, na kamati ya wanafunzi iko chini yangu. Wanashangaa ninapowaambia waanze na divers. Nawaeleza taratibu: jezi itangoja. Muulizeni kwanza anayetazama dirishani.

Nami bado naitazama barabara.