Dhambi Iliyobadilishwa Kwenye Ukuta

Jumapili iliyopita, hapa Butembo, tulionyeshwa filamu ya watawa kwenye ukuta wa sali, yaani ukumbi wa parokia. Ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo katekista alisimama kando yake akitutafsiria, mikro mkononi, kiganja kingine kifuani kama mwenye kutubu.

Mtawa mzee akapiga magoti mbele ya wenzake, akaungama, na mimi niliyesoma kidogo nilimwelewa, kwamba alimsingizia ndugu yake mtawa kwa mkuu wao, na huyo ndugu akafukuzwa bure.

Katekista akakohoa. "Anasema alilala usingizi wakati ya sala."

Mama aliyeketi mbele yangu akainuka. Sote tunamjua: mwaka jana aliondolewa kwenye kwaya kwa uvumi ambao katekista huyu huyu aliupeleka kwa padri, uvumi ambao baadaye ulionekana ni uongo mtupu.

"Katekista, Kifaransa nasikia. Sio vile alisema."

"Mama, ikala chini. Tuko kwa mambo ya Mungu."

"Donc basi, sema yote."

Katekista akavua miwani, akaanza kuipangusa kwa shati. Na sisi waumini je? Tulipiga kelele: "Mama, ikala, unatufungia filme!"

Hakuikala. Alitoka.

Mwishoni yule ndugu aliyesingiziwa akarudishwa kwenye monasteri, na sali nzima ikalia. Tunalia vizuri sana, sisi, aliyeonewa akiwa mbali. Hata mimi machozi yalinitoka, huku nimenyoosha miguu juu ya kiti cha yule mama, kwa kuwa kilikuwa kitupu.